Sikukuu Ijayo, Mpelekeni Bibi Ngomeni

Wanangu na wajukuu zangu,

Sikukuu zinapokaribia, nyumba zetu za Mombasa hujaa. Walioko Nairobi hushuka, walioko Maskati na London hurudi na mabegi mazito, na sufuria ya pilau haikai mbali na moto. Idi mosi ni ya sala, kupeana mikono na kupita nyumba za jamaa. Watoto hudai pesa zao za sikukuu, wakaenda kuzimalizia uwanjani Makadara. Jioni watu humiminika Laitihausi kula mihogo ya pilipili na ndimu. Yote hayo ni mema, wala sitaki mpunguze hata moja. Nataka muongeze asubuhi moja tu. Idi pili au idi tatu, kabla wageni hawajafunga mizigo, mchukueni aliye mkubwa kuliko wote nyumbani kwenu, mwende naye makumbusho, kama yale ya Ngomeni, Fort Jesus.

Najua mtakalosema: Ngomeni tushakwenda tulipokuwa shule. Mlikwenda kweli, mkapangwa mstari, mkanakili tarehe kwenye daftari. Tarehe zile zijueni. Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593 na kuimaliza 1596. Waomani waliizingira kuanzia 1696, wakaitwaa 1698. Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Lakini mwalimu hakuweza kuwaambia ni nani katika ukoo wenu aliyewahi kufungwa mle, kwa kosa gani, na siku alipotoka alipokewa vipi. Bibi huenda anajua. Mtu aliyezaliwa miaka ya arobaini alikuwa mtoto wa kukimbiakimbia mitaa ya Mji wa Kale wafungwa wangali ndani ya kuta zile. Muulizeni mkiwa palepale, kwa sababu yapo mambo ambayo mtu akiulizwa sebuleni husema amesahau, na akisimama mbele ya ukuta wenyewe humjia moja baada ya jingine.

Wengine husema makumbusho ni ya watalii. Neno hilo lilinde lisitoke kinywani mwako. Vyungu na vigae vilivyochimbuliwa kwenye magofu ya Gede, vinavyowekwa nyuma ya vioo, walivipikia na kuvilia watu wa pwani hii. Mgeni hutoka mbali akalipa kiingilio kikubwa kuliko chako ili avitazame, nawe mwenye navyo unapita nje ukielekea sokoni. Chukueni vitambulisho vyenu, maana mwananchi hutozwa kidogo, muingie kwa haki yenu.

Nawaambia kwa nini nasisitiza muende na mzee. Maelezo yaliyobandikwa karibu na kitu hutaja jina lake, kilikotoka na pengine umri wake. Hayasemi mkono ulikishika vipi. Mtaona mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kata, chetezo, mrashi. Kijana hutazama kifumbu akaona mfuko mrefu wa ukili, basi. Bibi atakuonyesha kinavyojazwa nazi iliyokunwa, kinavyosokotwa mpaka tui zito likatoka, na atakwambia tui la kwanza huwekwa kando kwa ajili ya nini. Atakwambia pia ni nani aliyemfundisha, na hapo utakuwa umepata jina la mama yake bibi bila kulitafuta.

Mkifika Lamu, jambo hili litawadhihirikia zaidi. Katika makumbusho ya pale zipo siwa, ya pembe kutoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe. Siwa ni baragumu kubwa inayopulizwa ubavuni. Haikupigwa ovyo, ilikuwa ya kutawazia wafalme na ya harusi za waungwana, na kwa idhini maalumu. Tazameni wazee wetu walivyoona: furaha ya nyumba moja ilitangaziwa mji mzima kwa chombo kilekile kilichomtangaza mfalme. Kisha ingieni ile nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa, mtazame zidaka zilivyochongwa safu kwa safu ukutani. Mwenye nyanya aliyekulia katika nyumba kama ile amwache aketi, aeleze bibi harusi alikaa chumba gani na wageni waliishia wapi. Waliosoma majengo watawaambia upana wa ukuta. Yeye atawaambia jinsi watu walivyostahiana ndani yake.

Mlio Dar es Salaam, mna Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kilichoanzishwa mwaka 1967, chenye nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Babu aliyetoka bara miaka mingi akakaa mjini mpeleke huko, uone atakavyoinama mlangoni bila kuambiwa na mtu.

Na msiseme mtakwenda mwakani. Unguja ilikuwa na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo baadaye likawa makumbusho. Nani aliyelitazama kutoka Forodhani akadhani litaanguka? Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Kuna wazazi waliokuwa wakiahidi kuwapeleka watoto wao tangu watoto hao wakiwa wachanga. Jengo laweza kujengwa upya, na mafundi wapo. Mzee akienda, hakuna fundi wa kumrudisha.

Sasa namna ya kwenda. Ondokeni asubuhi, jua halijawa kali. Ngome ina ngazi na njia za kupanda, na magoti ya mzee si yenu, basi mmoja awe pembeni yake wakati wote, na maji ya kunywa yawepo. Msitake kumaliza vyumba vyote. Viwili vilivyotazamwa kwa utulivu vinatosha kuliko kumi vya mbio. Kila mtoto achague kitu kimoja, amuulize bibi swali moja juu yake, na jibu alisikilize mpaka mwisho. Mzee akikosea tarehe, msimrekebishe mbele ya watu. Tarehe mtaipata ukutani, na anachokisema yeye hakimo humo. Akinyamaza, nanyi nyamazeni kidogo, kwa kuwa si kila kumbukumbu ni ya kuchekea. Mkitoka, ketini mahali penye kivuli, mnywe kahawa na halua, mazungumzo yaendelee.

Mtapiga picha, na pigeni. Lakini picha isiyo na majina ni nusu ya picha. Zipo kadi za posta za zamani zilizopigwa Unguja na studio kama ya A. C. Gomes, zikionyesha wanawake wetu wamevaa kanga zao, nywele zimesukwa vizuri. Jina la mpiga picha limechapishwa. La yule mwanamke mara nyingi halimo. Ameandikwa tu kuwa ni mwanamke wa Kiswahili. Alikuwa na mama, huenda na wajukuu, na leo wajukuu wa wajukuu hao wanaweza kuishika kadi ile wasijue kuwa wanamtazama mtu wao. Msiwafanyie hivyo watakaokuja baada yenu. Jioni ileile andikeni: nani na nani, wapi, mwaka gani, na neno moja alilolisema bibi siku hiyo. Yahifadhini mahali ambapo simu ikiharibika maandishi hayatapotea.

Tena, mlichokipata makumbusho kirudisheni katika sherehe zenu. Harusi zetu siku hizi zinakula fedha nyingi kwa mahema na mapambo ya kukodi, na bibi huwekwa kiti cha mbele akapigwa picha, kisha hakuna anayemsemesha. Siku ya singo au ya hina, mpeni nafasi aeleze yake ilikuwaje. Vijana wakishamsikia, watajua lipi la kulishika na lipi la kuliacha, na wataliacha kwa kujua. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na wengi wetu asili hatukuiacha kwa kukusudia. Tulichelewa tu kuiuliza.

Basi leo, kabla hamjalala, mpigieni simu mkubwa wenu. Msalimuni kwa shikamoo yake, mumuulize afya, kisha mumuulize ni asubuhi ipi ya sikukuu atakuwa tayari mmpitie. Aliyeko mbali atume nauli, aliye karibu alete gari. Mwenyezi Mungu awape umri wazee wenu, awape nanyi masikio ya kuwasikiliza, na awajaalie kufika mkiwa nao wazima.