Kiti na Soli

Ukisimama kutwa nzima kwenye sakafu ya saruji na kisigino kikaanza kuuma, nani anapaswa kubadilika: wewe, kiatu, au kazi?

Jirani yangu hapa Changamwe hupiga pasi katika kiwanda cha nguo. Akishuka kitandani asubuhi, hatua za kwanza humchoma kisiginoni kama msumari. Maumivu hupoa akishatembea kidogo, kisha jioni yanarudi. Ule utepe mgumu wa chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni hadi karibu na vidole, umechoka kuvutwa. Basi akaniomba nimsindikize Kongowea kutafuta soli za ndani.

Pale mkono hukimbilia ile laini zaidi, ya sponji. Raha yake ni ya siku chache, ikishalala, imelala. Kwa kisigino cha namna hii afadhali yenye ugumu kidogo, inayoinuka chini ya upinde wa unyayo na kukikumbatia kisigino. Na utoe kwanza soli ya zamani, la sivyo kiatu kitabana upate na malengelenge. Hujui mguu wako ukoje? Lowesha unyayo, kanyaga saruji kavu, tazama alama. Ikijaa yote, mguu ni bapa. Ikiwa nyembamba katikati, upinde uko juu. Si kipimo cha daktari, lakini ni bure.

Alinunua, zikamsaidia. Sitaki kuwa yule msomi nusu (niliacha chuo, najua aina yetu) anayemwambia mwenye maumivu kwamba nafuu yake ni usaliti. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ila hesabu yake inanikera. Kazi ndiyo inayoumiza mguu, mwenye mguu ndiye anayelipa. Mwaka 1899 Uingereza ilipitisha sheria ya viti madukani: angalau kiti kimoja kwa kila wauzaji watatu wa kike. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri aweke pa kukaa kwa wanaofanya kazi wakiwa wamesimama, wapumzike nafasi ikitokea. Nafasi ikitokea! Kwani mwenye kuitoa nafasi ni nani, kama si huyo huyo anayehesabu vipande? Jirani anasema kwao viti vipo, viwili, vimerundikwa nguo.

Najua, kiti ni cha kesho na kisigino kinauma leo. Lakini nafuu ya kujinunulia hunyamazisha. Mguu unaochechemea ni shahidi; ukishatulizwa, msimamizi anaona watu wote wamesimama sawa, anaandika hakuna shida. Kwa hivyo mimi nasema soli inunuliwe, na bei yake ipelekwe ofisini. Glavu za kazi mtu hatakiwi ajinunulie. Soli mbona iwe siri ya mtu na mguu wake?