Mkono wa Mwanafunzi

Vijana wameomba kufundishwa karate kwenye uwanja wa kanisa. Wazee wengine wamekataa: tumekimbia vita, tuwafundishe tena watoto kupiga?

Tulipokaa Kibenga, kule Bujumbura, tulimwona mwalimu mmoja wa karate. Miezi ya kwanza wanafunzi wake hawakumgusa mtu. Waliinama, wakarudia hatua zilezile mpaka jasho (kwaya yetu ingejifunza hapo). Aliyepigana mtaani alivuliwa mkanda, akaanza tena na mweupe. Hata Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule wa Okinawa aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922, alifundisha kwamba mwenye karate haanzi yeye kupiga.

Lakini mwanafunzi akikaidi, akamvunja mtu taya, nani atajibu? Petro alifundishwa na Bwana mwenyewe, na usiku ule bado alichomoa upanga. Bwana hakumkana. Alimkemea, kisha akaliponya sikio la yule mtumwa (Luka 22:51).

Basi tumemwambia mwalimu aliyejitolea: uwanja tutakupa, ukikubali kwenda pamoja na mwanafunzi wako nyumbani kwa aliyeumizwa. Ameomba siku chache afikiri.