Nyumba ya Udongo si Aibu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, liko jambo katika miji yetu lisilotupasa kulinyamazia. Mtu huachiwa na wazee wake kipande cha shamba, akakiuza apate kujenga nyumba ya saruji mjini. Fedha zikimpungukia huenda akakopa kwa riba. Nyumba haijaezekwa, shamba halipo tena, na deni laongezeka. Ukimwuliza kwa nini hakujenga kwa udongo palepale shambani, hukujibu: "Watu watasema nini?"

Basi na tuutazame msikiti wa Mtume S.A.W. wa Madina, ulioanza kujengwa mwaka 622, mwaka wa kwanza wa Hijra. Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili. Walitaka kumpa bure, naye akakataa illa kwa kukinunua. Palikuwa na magofu, yakasawazishwa. Na mitende ya papo hapo ikakatwa, ikapangwa upande wa kibla. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, nguzo ni magogo ya mitende, na paa ni makuti yake. Mvua iliponyesha paa lilivuja, hata Masahaba wakaona alama ya tope katika kipaji cha Mtume baada ya kusujudu. Je, ni nani awezaye kusema kuwa heshima yake ilipungua?

Katika habari hii mna mafundisho mawili. La kwanza, cha halali kilicho karibu chatosha. Sisi tuna udongo, chokaa, makuti, mawe ya nyumba zilizobomoka, milango na mbao kuukuu. Inua msingi wa mawe, ili maji yasiule ukuta kutoka chini. Ukuta upake chokaa. Na paa lipite nje ya ukuta, mvua ya masika isiupige. La pili, usichukue jiwe wala mlango wa gofu bila idhini ya mwenyewe, hata wakiwa warithi wako mbali. Mali ya mtu haiwi halali kwa kuanguka ukuta wake.

Kisha panda. Maji ya udhu yaelekeze kwenye migomba. Majani na makumbi usiyachome. Yatandaze penye mipapai na mchicha, yauhifadhi udongo na jua, hata yaoze yawe mbolea. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mwislamu akipanda mti, akala humo ndege au mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake.

Ndugu zangu, saruji si haramu. Haramu ni riba. Mwenye kuweza kwa halali na ajenge apendavyo. Lakini wewe usiyeweza, usiuze ardhi ya watoto wako kwa kuogopa maneno ya jirani. Jirani hatakulipia deni lako hapa, wala hatakujibia mbele ya Mola wako kesho akhera.

Mwenyezi Mungu atupe kutosheka na riziki ya halali. Amin.