Tai Aliyeshushwa

Somo: Obadia, mlango wa 1, mstari wa 3 na wa 4, tena wa 12 hata wa 14.



Waedomu walikaa juu ya majabali, wakasema mioyoni mwao ya kuwa hakuna awezaye kuwafikia. Nabii Obadia akawaonya ya kwamba hata wakipanda juu kama tai, mkono wa Mungu utawashusha. Neno hili halikuwa la Waedomu peke yao.

Amedeo wa Aosta, mtu wa jamaa ya mfalme wa Italia, alizaliwa mwaka 1898. Katika vita kuu ya kwanza alikuwa askari wa mizinga. Mwaka 1932 aliingia jeshi la anga, naye akiwa rubani akaongoza ndege za vita huko Gorizia, kisha kikosi kikubwa kilichoitwa Aquila, maana yake Tai. Mwaka 1937 akafanywa makamu wa mfalme katika Ethiopia, nchi ambayo Waitalia waliinyang'anya mwaka 1936 kwa mabomu na hewa ya sumu. Yeye alitawala kwa upole kuliko yule aliyemtangulia. Lakini, ndugu, upole wa mtawala haugeuzi mali ya wizi kuwa halali.

Mwaka 1941 majeshi ya Waingereza yalimsonga, na ndani yake walikuwamo askari wa Afrika ya Mashariki. Akapanda na maelfu ya watu wake juu ya Amba Alagi, mlima upitao futi 10,000. Hicho ndicho kiota cha tai! Lakini kombora likapiga mapipa ya mafuta, nayo mafuta yakatiririka yakaharibu maji ya kunywa. Ninyi watu wa Ugogo, mnaochimba maji katika mchanga wa makorongo wakati wa kiangazi, mwajua ya kuwa penye kiu hakuna shujaa. Mwezi wa Mei alisalimu amri, akateremka mlimani hali ni mateka. Akapelekwa Kenya, akawekwa karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk. Malaria na kifua kikuu vikamshika, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942, umri wake miaka 43. Amezikwa Nyeri, kati ya askari wake.

Je, tufurahi? Mtu aweza kusema, "Amelipwa." Lakini someni mbele kidogo. Nabii yuleyule anawakemea Waedomu kwa sababu walicheka siku ya msiba wa ndugu yao, wakasimama njia panda wawakamate waliokimbia. Basi asiyepanda juu kama tai aweza kuhukumiwa kwa kumcheka tai aliyeanguka.

Neno hili ni gumu, wala sisemi ni jepesi. Wazee wetu waliisimulia njaa ya Mtunya, iliyofuata vita kuu ya kwanza, majeshi yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo. Mwenye kidonda kama hicho ana haki ya kulia. Mfalme Haile Selassie naye alikuwa na kidonda. Lakini aliporudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, aliwaagiza watu wake wasilipe ovu kwa ovu.

Nawe, mkristo, una mateka wako. Ni jirani yule ambaye ng'ombe zake walikula mtama wako, naye hakukulipa. Sasa ni mwezi wa Februari, ghala yake ni tupu, amesimama mlangoni pako na kikapu mkononi, macho yake chini. Ni kijana wa nyumba yako aliyefungwa katika gereza la Isanga, ambaye hutaki jina lake litajwe. Walimu wa sharika, ninyi nanyi mwaulizwa: ni nani kati yenu aliyekwenda kumtazama? Bwana wetu amesema katika Mathayo, mlango wa 25, ya kuwa yeye mwenyewe yumo kifungoni akitungoja.

Usimwambie jirani kwamba hakukosa. Alikosa. Lakini jaza kikapu kwanza. Neno la ng'ombe mtalisema baada ya mavuno, naye akiwa ameshiba.

Ee Bwana, utushushe kwa rehema yako kabla hatujaanguka kwa kiburi chetu. Na yule uliyemtia mikononi mwetu, asikute kwetu mkono wa Edomu. Amina.