Hamkumngoja Mtu

Katika daftari langu la utafiti nimeandika mara tatu maneno yaleyale: "Wanachelewa mwisho wa mstari." Nilikuwa nafanya mazoezi na kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri juu ya Usa River, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Uzamivu wangu ni wa uimbaji: sehemu ya tasnifu nitaiandika, sehemu nitaiimba jukwaani mbele ya watahini. Kwa hiyo nilisikiliza kama mtu anayesubiri alama.

Kwa ajili ya jukwaa hilo nilizisafisha nyimbo zao. Nilinyoosha mapigo, nikaondoa kule kuchelewa, nikarekodi na waimbaji watatu wa mjini Arusha. Kisha nikarudi usharikani kuwasikilizisha kwa simu. Walikaa kimya hadi mwisho. Bibi mmoja wa sauti ya pili akasema, "Mmeimba vizuri, mwanangu. Ila hamkumngoja mtu."

"Kumngoja nani, bibi?"

"Mimi," akacheka. "Napanda mlima kuja hapa. Pumzi yangu si kama zenu."

Nilichokiita kosa kilikuwa adabu. Wenye mapafu mazima huishikilia noti ya mwisho mpaka wazee wavute pumzi, ndipo wote wanaingia mstari unaofuata pamoja.

Nilikuwa na kibali cha utafiti kutoka COSTECH, na kila mwimbaji alikuwa ametia saini fomu ya ridhaa. Kisheria sikuiba kitu. Lakini fomu ile inauliza kama mtu amekubali kurekodiwa; haiulizi kama amekubali kusahihishwa.

Sikukosa wa kunionya. Mmarekani Gregory Barz aliimba na Kwaya ya Upendo ya Azania Front, Dar es Salaam, na katika kitabu chake cha mwaka 2003 anaieleza kwaya kuwa jamii ya watu wanaosaidiana, si kundi la waimbaji tu. Wazo hilo nililinukuu kwenye pendekezo langu la utafiti. Halafu nikaisikia jamii hiyo ikingojana, nikaandika kwamba inachelewa.

Sasa nifanyeje? Nikiimba peke yangu bila kungoja, nausema wimbo uongo. Nikiigiza kungoja, uongo unazidi, maana hakuna ninayemngoja. Msimamizi wangu anasema shahada hutunukiwa mtu mmoja. Ni kweli, nami naitaka. Lakini upo ujuzi ambao mtu mmoja hawezi kutahiniwa nao akiwa peke yake.

Nimeomba watahini waje usharikani siku ya mazoezi, niimbe katikati ya sauti ya pili. Huenda wasinisikie kabisa. Jibu halijaja. Wakikataa, itabidi nichague kati ya shahada na ukweli wa wimbo, na siwezi kuapa kwamba nitachagua vizuri.