Je, Aliyezidi Chomboni ni Nani?



Tangu meli mpya ya MV Mwanza iliposhushwa majini mwezi Februari 2023, mazungumzo juu ya meli hayajakauka vinywani mwa watu wa Kemondo. Tuliambiwa kwamba imeundwa kuchukua abiria 1,200 na mizigo ya tani 400. MV Victoria nayo, mkongwe wa tangu siku za mkoloni, ilifanyiwa ukarabati mkubwa ikarudi kazini mwaka 2020. Twaishukuru Serikali kwa haya yote, maana fedha iliyotumika ni nyingi na safari ya maji ni haki ya watu wa ziwani. Lakini katika shangwe hiyo twasikia neno moja linarudiwarudiwa ambalo halitupendezi, nalo ni kwamba sasa msiba wa zamani hauwezi kurudi kwa kuwa vyombo ni vikubwa na vya kisasa. Meli ya watu 1,200 yaweza kupakiwa watu 2,000, kama ile ya watu 430 ilivyopakiwa kupita kiasi chake.

Sisi wa Kemondo hatuwezi kuizungumza meli mpya huku tukiikwepa MV Bukoba. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Iliondoka Bukoba tarehe 20 Mei 1996, ikatia nanga hapa kwetu, ikapakia watu na mikungu ya ndizi, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ikiwa imekwisha kukaribia Mwanza. Je, walikufa wangapi? Wengine husema 800 na kitu, wengine husema karibu 1,000. Tofauti ya hesabu hizo mbili yapata watu 200. Hao ni madarasa manne yaliyojaa watoto, na hakuna awezaye kutuambia kwa yakini kama walikuwamo au hawakuwamo. Sababu yafahamika. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, na orodha hiyo peke yake ilikuwa imekwisha kupita ule uwezo wa chombo. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote.

Basi hapa ndipo lilipo swali letu. Katika chombo kilichojaa kupita kiasi, aliyezidi ni nani? Je, ni yule wa 431? Yeye atasema kwamba uzito wake ni kilo sitini tu, na ni kweli, kilo sitini hazizamishi meli. Wa 432 atasema hivyo hivyo, na wa 700 pia. Ukiwauliza mmoja mmoja, kila mtu ana hoja nzuri, na wote kwa pamoja wako chini ya maji. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi hupenda kuitumia methali hiyo tunapohimiza sadaka, lakini yafaa pia kukumbukwa gatini.

Wako wanaojibu kwa haraka kwamba kosa ni la abiria mwenyewe, kwa nini apande chombo kilichojaa? Hatukubali jibu hilo. Mwaka 1996 barabara ya kwenda Mwanza haikuwa hii ya lami mnayoiona leo. Mama aliyekuwa na mikungu yake kumi, ambayo isipofika sokoni itaiva na kuoza, hakuwa na njia nyingine. Tena abiria wa kawaida hajui kusoma alama iliyochorwa ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa kuzama kwake majini. Ajuaye ni mwenye kukata tiketi, mwenye kufungua kamba na mwenye kushika usukani. Mzigo wa dhambi haugawanywi kama sukari ya duka la ushirika, kila mtu kilo moja. Aliyejua zaidi na kuamrishwa zaidi hubeba zaidi.

Hata hivyo kuna abiria wa namna nyingine ambaye hatuwezi kumwachia. Ni yule aliyekwisha kuambiwa kwamba tiketi zimekwisha, akatafuta ndugu yake bandarini, akapenyeza kitu kidogo mkononi, akaingia bila kuandikwa. Huyu amelipa fedha ili asihesabiwe! Hadhani kwamba amemwibia mtu yeyote, maana nauli katoa, tena pengine katoa zaidi. Lakini usalama wa chombo si mali ya shirika wala ya bandari. Umekwisha kugawiwa wale 430 waliopanda kwa haki, na kila anayeongezeka anachota katika fungu lao bila kuwauliza. Na yule ndugu bandarini, ambaye sote twamsifu kwamba ni mtu wa watu, ajuaye kusaidia, anagawa kitu ambacho si chake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baada ya msiba ule tulisema haitatokea tena. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya watu 101. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Bodi zikavunjwa na wakubwa wakaondolewa kazini, na pengine ilistahili. Lakini tazameni hesabu hizo vizuri. Idadi ya waliokuwamo tuliipata kwa kuwajumlisha walio hai na maiti. Kwa miaka 22, kutoka MV Bukoba hadi MV Nyerere, tulikuwa bado tunawahesabu watu wanapotoka majini badala ya kuwahesabu wanapoingia chomboni.

Siku hizi twaambiwa kwamba mitambo itatutatulia shida hii. Katika mabasi kumeletwa tiketi za mtandao, na kifaa cha kumwonyesha mwenye mamlaka basi liko wapi na lakimbia mwendo gani. Ni mambo mema, na wazee wenzetu wanaoyalaani kwa sababu tu hawayafahamu wanakosea. Lakini panda basi dogo hapa barabarani siku ya gulio. Waliosimama katikati ya viti hawamo katika mtandao wowote. Linapokaribia kituo cha polisi, konda hupaza sauti, "Chuchumaeni!" na watu wazima, wengine wana Biblia na Kitabu cha Sala mkobani, huchuchumaa. Hakuna aliyewalazimisha. Wanamsaidia konda kuwaficha wao wenyewe, na askari akiisha kupitwa husimama wakacheka. Na bodaboda iliyopakia watu watatu, mtoto wa shule akiwa katikati, nayo ina mtambo gani? Mtambo huhesabu yule tu aliyekubali kuhesabiwa.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 tunasoma habari za chombo kilichovunjika Malta, Mtume Paulo akiwa ndani. Akida alikuwa amemsikiliza nahodha na mwenye chombo kuliko Paulo aliyewaonya, jambo ambalo si geni masikioni mwetu. Lakini kuna neno dogo ambalo wengi hulipita wanaposoma. Luka anatutajia idadi: walikuwa watu 276. Ndani yake walikuwamo askari, mabaharia na wafungwa, na wote waliingia katika hesabu moja. Dhoruba ikiwa bado yavuma, mtu alijua wako wangapi. Ndiyo sababu Luka aliweza kuandika kwamba wote walifika nchi kavu salama. Kama hujui walikuwa wangapi, neno "wote" huwezi kuliandika.

Mtu mmoja mwenye kupenda ubishi atatukumbusha kwamba Daudi alitenda dhambi kwa kuwahesabu watu. Ni kweli, lakini Daudi alihesabu panga, apate kujua nguvu zake. Mchungaji wa kondoo mia alihesabu kwa sababu nyingine. Asingalihesabu jioni ile asingalijua kwamba mmoja hayupo, na mfano wote wa Bwana wetu usingalikuwapo. Mwalimu anapoita majina asubuhi hafanyi karani tu, anamwambia kila mtoto kwamba asipokuwapo ataulizwa. Abiria wa daraja la tatu wa MV Bukoba hakuambiwa hivyo. Kabla ya ziwa kumchukua, alikuwa amekwisha kuchukuliwa kama mtu ambaye hakuna atakayemwuliza, ila mama yake. Na wamama hao waliuliza kweli, wengine hadi makaburini Igoma, na hawakujibiwa.

Tarehe 21 Mei itakapofika tena tutawaombea marehemu wetu kanisani. Baada ya ibada tungependa wazee wa kanisa na akina mama wachache, bila mabango wala kelele, wateremke hadi bandarini siku ya meli, wamsalimu mkuu wa zamu kwa heshima zote, kisha wamwombe awaonyeshe majina ya abiria wa daraja la tatu.