Kipimo cha Sahani na Kipimo cha Miguu

Mtu atokaye viwanja vya Mnazi Mmoja na kuelekea Kariakoo wakati wa adhuhuri huona makundi mawili ya watu. Huona wachukuzi wakisukuma mikokoteni iliyosheheni magunia ya mchele na vitunguu, jasho likiwatiririka. Huona pia wenye maduka walioketi nyuma ya meza zao tangu asubuhi, wasioinuka ila kwa sala au kwa kufunga mlango. Mama ntilie huwaletea wote sahani ya namna moja, ugali wa kujaa na maharage, au wali wa nazi na nyama. Mchukuzi huimaliza naye mwembamba kama ufito. Mwenye duka huimaliza vile vile, kisha hulalamika kwamba ati unene ni ajali ya ukoo wao.

Jina lenyewe la Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914-1918. Mtaa uliopewa jina la watu waliobeba mizigo kwa miguu leo umejaa watu wanaopanda bajaji kutoka Mtaa wa Lumumba hadi sokoni!

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya ndugu mmoja mfanyabiashara, ambaye bado anaichunguza dini, aliyenijia baada ya sala ya alasiri. Daktari alikuwa amemwambia kwamba sukari imepanda katika damu yake na kwamba hana budi kupunguza uzito. Baba yake alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo kabla ya kufariki. Akaniuliza: "Shehe, je, Islam ina neno juu ya jambo hili, ama ni la madaktari peke yao?"

Nikamwuliza amefanya nini mpaka sasa. Akasema kwanza alijinyima. Kwa muda wa wiki mbili alikula mlo mmoja tu kwa siku, akapata kizunguzungu dukani, na alipochoka akarudia kula kwa pupa hata uzito ukarudi wote. Kisha akasikia kwamba dawa ni mazoezi. Akawa anazunguka uwanja kila jioni, na akimaliza hunywa soda mbili na kula chipsi mayai, akijiambia kwamba jasho alilotoa limekwisha lipia. Miezi miwili ikapita na mizani haikusogea.

Basi nilimkumbusha Sura Al-Mutaffifin, ambamo Mwenyezi Mungu anawaonya vikali wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunja. Yeye muuza mchele aliielewa mara moja. Nikamwambia: "Ndugu yangu, wewe humpunji mteja hata robo kilo, lakini mwili wako unaufanyia biashara hiyo hiyo iliyokatazwa. Katika kupokea chakula wajaza kipimo. Katika kutoa kazi wapunja. Nawe ulipojaribu kutengeneza, ulishika sahani moja ya mizani ukaiacha ya pili."

Na tazama hesabu yenyewe. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa, yaani kalori zinazokaribia 150. Mtu wa makamo mwenye kilo 75 atahitaji kutembea kwa haraka kiasi cha nusu saa ili kuzitumia hizo. Soda mbili ni saa nzima, na chipsi mayai bado. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na sahani ya chipsi haikukaangwa kwa kijiko kimoja. Mdomo hufanya katika dakika tano kazi ambayo miguu haiwezi kuifuta katika jioni nzima. Ndiyo maana mwenye kutegemea mazoezi tu bila kugusa chakula hukata tamaa upesi.

Lakini mwenye kujinyima tu naye hajapata. Mwili unaonyimwa chakula bila kufanyizwa kazi haupotezi mafuta peke yake. Hupoteza na nyama za misuli, nao hujifunza kuishi kwa kidogo, hata chakula kikirudi uzito hurudi mbio. Tena mazoezi yana faida ambayo kujinyima hakuna: misuli ifanyayo kazi hunyonya sukari kutoka katika damu hata kabla mizani haijaonyesha chochote. Shirika la Afya Duniani laagiza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hiyo si kazi kubwa kwa aliye jirani na Mnazi Mmoja.

Seyidna Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha pande zote mbili. Kuhusu chakula alisema kwamba mwanadamu hatoshelezwi ila na matonge machache ya kumsimamisha, na akizidi basi agawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Kuhusu mwendo, Bibi Aisha r.a. alisimulia kwamba alishindana naye mbio katika safari, akamshinda. Baadaye alipokuwa mnene wakashindana tena, naye Mtume s.a.w. akamshinda, akamwambia kwa furaha kwamba hilo ni malipo ya lile la kwanza. Mtume wa Mungu hakuona haya kukimbia na mkewe, nasi twaona haya kwenda sokoni kwa miguu!

Wengine husema sala tano zatosha kuwa mazoezi. Sala ni ibada, na anayeigeuza kuwa mchezo wa viungo ameipunguzia heshima yake. Isitoshe, mwendo wake ni mwepesi. Wengine hutegemea Ramadhani. Naam, lakini mtu aliyefunga mchana kutwa kisha akafuturu kwa tambi za sukari, mihogo ya nazi, sambusa na daku ya pilau, huenda Idi imkute na kanzu inayombana.

Jambo moja nilimsisitizia ndugu yule, nalo ni kwamba, ikiwa daktari amempa vidonge au sindano ya sukari, asianze kufunga wala kukimbia kabla ya kumwuliza, kwa kuwa dawa na njaa na jasho vikikutana sukari yaweza kushuka ghafla akaanguka.

Alimwomba mama ntilie ampunguzie ugali nusu na kumwongezea mchicha, akaacha soda, akawa anakuja dukani kwa miguu kutoka Ilala. Miezi mitano imepita, na mshipi wake umeingia matundu mawili. Juzi tulitoka msikitini pamoja tukaelekea Kariakoo, na kabla hatujaimaliza Mnazi Mmoja ilinibidi mimi mwalimu wake nimwombe apunguze mwendo.